Waenda Dar kutazama mpira? Haya yajue kabla hujavuka Horohoro

Mombasa haikupata mechi. Hilo tulishalizungumza sana vibarazani na halitabadilika leo. Tangu Septemba 2023, Kenya, Tanzania na Uganda zilipopewa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, hesabu ya viwanja kwa upande wetu haijafika Mombasa, na uwanja wetu wa Mombasa tulioambiwa utajengwa upya hatuuhesabu. Kwa hivyo shabiki wa Pwani atasafiri, apende asipende. Swali ni aelekee wapi.

Nairobi ni karibu kilomita 480. Dar es Salaam ni zaidi kidogo ya 500. Tofauti ni ndogo, na Dar wengi wetu tuna shangazi, binamu au rafiki wa zamani. Lugha ni yetu, chakula twakijua, msikiti hauko mbali popote ulipo. Na hapo ndipo mtego ulipo. Mtu wa Mombasa anapokwenda Doha au London hujiandaa, maanake ajua aenda ugenini. Anapokwenda Dar hubeba begi na kofia akapanda basi kama aendaye Malindi. Kisha yanamfika.

Agosti 2025, wakati wa CHAN, tulitoka wanne kwenda kutazama mechi ya ufunguzi, Tanzania na Burkina Faso, Agosti 2. Tulifika watatu. Mpwa wangu alikuwa na kitambulisho cha kitaifa peke yake, kwa sababu miezi michache nyuma alikwenda Kampala nacho na hakuulizwa kingine. Aliirudia feri ya Likoni siku hiyo hiyo, mechi akaitazama kwenye televisheni ya jirani. Haya ninayoyaandika nayaandika kwa ajili ya watu kama yeye.

Karatasi

Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke kwa kitambulisho. Tanzania haimo katika mpango huo. Kuingia Tanzania yatakikana pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria Afrika Mashariki inayoombwa kupitia eCitizen. Viza hapana, sisi ni wanajumuiya. Lakini kukosa viza si kukosa hati.

La pili ni kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Tanzania huitaka kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, na Kenya imo. Chanjo moja yatosha maisha yako yote, lakini cheti huanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano. Mtu anayekwenda kudungwa Jumatatu ili asafiri Jumatano amechelewa. Ukiwa nayo kadi ya zamani uliyokwenda nayo Umra au Dubai, itafute kabatini, bado yafaa hata kama imeandikwa tarehe ya mwisho.

Mpaka wenyewe sasa ni wa kituo kimoja. Ukitoka kwetu hupigi mihuri miwili sehemu mbili, wapita Lunga Lunga moja kwa moja na shughuli zote, ya kutoka Kenya na ya kuingia Tanzania, zafanyika Horohoro. Ukirudi ni kinyume chake. Hakikisha mihuri yote miwili imepigwa. Mtu asiye na muhuri wa kuingia hugundua siku ya kutoka, na hapo kujieleza ni kazi.

Mizigo: mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku huko tangu Juni 2019, kama kwetu tangu 2017, kwa hivyo hilo si geni.

Geni kwa vijana wetu ni mirungi. Hapa Mombasa miraa na muguka vinauzwa mchana kweupe, na ugomvi wetu wa 2024 juu ya muguka ulikuwa wa kaunti na mahakama. Tanzania hakuna mjadala. Mirungi ni dawa ya kulevya kisheria, imo kwenye fungu moja na bangi. Katika safari yetu ya kurudi, abiria mmoja aliyekuwa amepitia Tanga kwa jamaa zake alikutwa na kijifurushi kidogo kwenye mfuko wa koti, pengine masalio tu aliyoyasahau. Basi lilisimama karibu saa nzima. Lilipoondoka, kiti chake kilikuwa kitupu. Sijui aliishia wapi. Piga mifuko yako yote msasa kabla hujatoka nyumbani, na mzigo wa mtu usiujua usiupokee hata akiwa ni mwana wa mtaani mwenu.

Njia

Kwa basi ni mchana mzima. Wavuka Likoni alfajiri, Lunga Lunga, Horohoro, Tanga, Muheza, Segera, kisha wakata kushuka Chalinze hadi Kibaha na kuingia Dar kutoka magharibi. Machungwa ya Muheza yatapitishwa dirishani, nunua. Kuna barabara ya pwani inayojengwa kupitia Pangani na Bagamoyo, na ikikamilika yote njia itafupika, lakini leo basi lako litazunguka Segera.

Ukinunua tiketi ya kurudi, tazama saa vizuri. Tanzania tiketi nyingi huandikwa saa za Kiswahili. 12:00 iliyoandikwa pale yaweza kuwa saa kumi na mbili asubuhi, si adhuhuri. Uliza kwa mdomo: "asubuhi au mchana?" Nimemwona bibi mmoja na wajukuu wake watatu wamefika stendi saa sita mchana, basi lao liko Segera.

Mwenye kwenda na gari lake abebe logi buku, na kama gari si lake, barua ya mwenye gari. Bima ya kawaida ya hapa haivuki mpaka, itakikanayo ni ile kadi ya njano ya COMESA, mwulize wakala wako wa bima. Mpakani utalipia kibali cha gari la kigeni. Halafu punguza mguu. Kila kijiji kina kibao cha 50, na kila baada ya kibao pana askari mwenye kile wakiitacho tochi, kifaa cha kupima mwendo. Faini imekuwa shilingi 30,000 za kwao kwa kosa moja, na risiti hutolewa kwa mashine. Lipa uende. Usijaribu kuanza mazungumzo ya namna ile unayoijua ya barabara zetu.

Mabasi mengi ya masafa hushusha Mbezi Luis, stendi ya Magufuli iliyofunguliwa 2021. Wageni hudhani wamefika. Bado. Mbezi hadi Kariakoo ni mwendo, na kwa foleni ya jioni ni mwendo zaidi. Jamii ya pikipiki na bajaji (ndiyo tuktuk yetu) watakuvamia mlangoni, kila mmoja na bei yake. Ukiwa huna haraka, panda daladala au basi la mwendokasi kuingia mjini. Ukiwa na watoto na mabegi, ita gari kwa programu kama Bolt, bei utaiona kabla hujapanda.

Pesa na simu

Shilingi moja yetu mwaka 2025 ilikuwa ikipata karibu 19 za kwao. Gawa kwa ishirini ukiwa sokoni, hutakosea sana. Buku ni elfu moja, jero ni mia tano. Ukisikia "buku jero" ni elfu moja na mia tano, yaani kama shilingi themanini hivi zetu. Mgeni huchanganyikiwa akaona ana pesa nyingi, siku ya pili mfuko umekauka.

Tangu Machi 2025 ni kosa kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Zamani hoteli na baadhi ya maduka walipokea dola na hata shilingi ya Kenya. Usitegemee tena. Badilisha benki au duka la fedha lenye leseni, si kwa wale vijana wa mpakani wenye mabunda mkononi, ambao hesabu yao ni nyepesi kuliko vidole vyao.

M-Pesa ya Safaricom na M-Pesa ya Vodacom ni majina mamoja nchi mbili. Waweza kutuma kutoka hapa kwenda laini ya Vodacom kule, lakini usidhani utasimama dukani Kariakoo ulipe kwa laini yako ya Kenya kama ulipavyo Marikiti. Wao wana "lipa namba", nayo yataka laini ya kwao. Laini ya mgeni husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole, katika duka la kampuni yenyewe. Fanya siku ya kwanza. Na wale wanaofuata matokeo na vikosi kwenye X, mtandao huo ulifungwa Tanzania Mei 2025, kwa hivyo panga kutumia njia nyingine.

Kulala

Ushauri wangu ni Kariakoo, Ilala au Magomeni. Ni mitaa ya Waswahili wa zamani, misikiti imejaa, chakula halali hakikusumbui, na usafiri wa mwendokasi uko mlangoni. Nyumba za kulala wageni, wenyewe husema gesti, ni nyingi na za bei ya kawaida. Kisutu na Upanga ni patulivu zaidi, pafaa familia. Sinza ni mahali pa mabaa na muziki hadi alfajiri, mwenye kupataka ajua kwa nini apataka. Masaki na Oysterbay ni kwa mwenye mfuko mrefu. Kigamboni ni pazuri, bahari na upepo, lakini siku ya mechi hutaki kuwa ng'ambo ya maji ukisubiri feri. Sisi wa Likoni hilo hatuhitaji kufundishwa.

Kwa swala, Mtoro na Manyema za Kariakoo ni misikiti mashuhuri, na Kinondoni, makao makuu ya BAKWATA, kuna ule mkubwa uliojengwa kwa msaada wa Mfalme Mohammed wa Sita wa Morocco. Mechi ya saa mbili usiku itakutaka uwe getini wakati wa Maghribi. Msafiri ana ruhusa yake ya kukusanya na kufupisha, lakini kwa madhehebu yetu ya Shafii ukinuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, ruhusa hiyo huondoka. Mwulize ustadhi wako kabla ya safari, si ukiwa kwenye foleni ya tiketi.

Chakula sina haja ya kukifafanua sana. Supu na chapati asubuhi, wali wa nazi mchana kwa mama ntilie, chipsi mayai na mishkaki usiku. Viazi karai vyetu hutavipata vile vile. Neno moja tu ulishike: kitimoto. Mwenzetu mmoja aliliona kwenye ubao wa mkahawa karibu na baa, akadhani ni namna ya nyama ya kuchoma ya pale mjini, akaanza kuuliza bei. Ni nguruwe. Jina hilo halikufichui chochote kama hukuambiwa.

Uwanja wenyewe

Uwanja wa Benjamin Mkapa ulifunguliwa 2007 na huingiza watu 60,000. Ulikuwa Uwanja wa Taifa, ukapewa jina la rais huyo wa tatu baada ya kufariki Julai 2020. Mashabiki huuita "kwa Mkapa", au Lupaso, jina la kijiji alikozaliwa. Uko wilaya ya Temeke, ubavuni mwa Uwanja wa Uhuru ule wa zamani, na jirani na chuo cha ualimu cha DUCE pale Chang'ombe. Ukimwambia dereva "Taifa" bado atakuelewa.

Kutoka Kariakoo si mbali, mtu mwenye miguu huweza kutembea. Siku ya mechi kubwa miguu hushinda gari. Kilwa Road hujaa, na mechi ikiangukia kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Julai utakuta pia maonyesho ya Sabasaba, ambayo uwanja wake uko kwenye barabara hiyo hiyo. Njia ya mwendokasi ya Mbagala yapita hapo. Wengi hushuka kabla ya msongamano wakamalizia kwa miguu pamoja na umati, na ndivyo tulivyofanya sisi.

Ligi ya kwao hutumia N-Card kuingilia, kadi ya kielektroniki unayoijaza pesa. Mashindano ya CAF huwa na utaratibu wake wa tiketi. Nunua kwenye njia iliyotangazwa rasmi na usimsikilize mtu wa nje ya geti. Tiketi ikishasomwa na mashine mara moja imekwisha, na anayekuuzia picha ya msimbo kwenye simu aweza kuwa amewauzia kumi.

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu ndipo roho inapokuwa hatarini. Tarehe 28 Mei 2023, Yanga walipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho na USM Alger uwanjani hapo, watu walibanana wakiingia. Mmoja alifariki na 30 wakaumia. Alikwenda kutazama mpira kama wewe. Nairobi nako wakati wa CHAN vurugu za mageti ya Kasarani zilifanya CAF ipunguze idadi ya watazamaji. Msongamano wa namna hii hauui kwa sababu watu ni wabaya. Unaua kwa sababu elfu kadhaa wafika dakika arobaini kabla ya mpira kuanza, wote kwenye geti moja, na walio nyuma hawaoni yaliyo mbele.

Kwa hivyo fika saa tatu kabla. Jua geti lako limeandikwa nini kwenye tiketi, uwanja ni mkubwa na kuzunguka kutafuta ni kupita katikati ya umati mara mbili. Ukihisi kifua kinabanwa, usisukume na usirudi kinyume, inua mikono mbele ya kifua upate nafasi ya kupumua, jongea kwa ubavu kuelekea pembeni. Simu ikianguka, iache. Mtoto mdogo mweke begani au, kwa maoni yangu, mwache nyumbani ikiwa ni mechi ya Taifa Stars. Kubalianeni mahali pa kukutana baada ya mechi, maanake mtandao wa simu hulegea watu elfu sitini wakipiga kwa pamoja. Polisi ni 112.

La jezi sasa. Dar imegawanyika mara mbili tangu kabla hatujazaliwa: Yanga ya 1935, kijani na njano, na Simba ya 1936, nyekundu na nyeupe. Ukipita mtaani na jezi nyekundu ya Harambee Stars utaitwa Mnyama, na ukivaa kijani ya Gor Mahia utapewa mkono na watu wa Jangwani. Ni mzaha, uupokee kwa mzaha. Wakati wa mashindano ya mataifa wengi huvaa buluu ya Taifa Stars na huwa kitu kimoja. Sisi tulikaa na familia moja ya Mbagala, mechi ikaisha 2-0 kwa wenyeji, baba yao akasisitiza twende kula kwake. Alituita "watani" usiku mzima. Hilo la watani ni kweli, lakini utani una mipaka, na Mkenya aanzaye kucheka maisha ya watu au kusema "kwetu Kenya hivi havifanyiki" huipita haraka.

Lugha pia. Sisi Wapwani twajiona ndio wenyewe wa Kiswahili, na huenda ndiyo. Bado, ukiingia dukani na "nipe maji" utaonekana mkavu. Wao husema "naomba". Mkubwa hupewa shikamoo kabla ya swali lolote, hata kama ni askari. Barabarani, mzunguko waitwa kipilefti, msongamano ni foleni, makanga ni konda.

Biashara na siasa

Najua wapo watakaotaka kubeba dazeni mbili za skafu, bendera au kofia wakauze nje ya uwanja. Usithubutu. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia biashara kadhaa ndogo, pamoja na uuzaji wa rejareja, uwakala wa pesa za simu, ufundi wa simu, saluni na kuongoza watalii. Adhabu ni faini, kifungo na kupoteza kibali cha kukaa. Wakenya wengi waliilalamikia, na mimi pia naiona haiendani na Jumuiya tuliyoahidiwa. Lakini mgeni mwenye pasipoti ya utalii na mzigo wa kofia hatashinda hoja hiyo mbele ya afisa.

Siasa za pale ziache. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 Dar iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, intaneti ikazimwa siku kadhaa, na damu ilimwagika. Miezi mitano kabla, mwanaharakati wa kwetu na mwenzake wa Uganda walikamatwa mjini humo. Majeraha hayo ni mabichi, na mwenyeji wako aweza kuwa amefiwa. Hapana haja ya kuanzisha maneno kwenye daladala, wala kupiga picha askari, kituo cha polisi au Ikulu. Kabla hujaondoka andika kwenye karatasi, si kwenye simu tu, nambari za ubalozi wetu Dar kutoka tovuti yake rasmi, na muachie mtu wa nyumbani nakala ya pasipoti yako na jina la gesti.

Mwenye siku ya ziada na hamu ya Unguja, boti ni karibu saa mbili kutoka bandarini pale mjini. Chukua pasipoti. Ni nchi ile ile, lakini mgeni huulizwa tena bandarini Malindi ya Unguja. Kisha rudi Dar siku moja kabla ya basi lako, si siku ile ile, kwa sababu bahari ya kusi haijali tiketi yako ya saa kumi na mbili asubuhi.